Hatari Kubwa Maana Yake Nini?

Na mwanafunzi wa mwaka wa sita

Liko neno moja ambalo katika mji wetu wa Kigali hakuna asiyelijua, hata watoto wa shule za msingi. Neno lenyewe ni la Kinyarwanda, amanegeka, nalo lataja miteremko mikali na mahali pengine pasipofaa kujengwa nyumba. Kwa Kiswahili twasema mahali pa hatari kubwa. Kila mvua za Itumba zinapokaribia, yaani masika, husikika ya kuwa watu fulani wametakiwa wahame katika amanegeka, na kila mara huzuka ubishi uleule. Mmoja husema, "Hatari gani? Babu yangu amezeekea hapo." Mwenzake hujibu, "Wakubwa wamesema ni hatari, basi yamekwisha." Kwa maoni yangu wote wawili hawajalijibu swali, maana wa kwanza atazama nyuma tu, na wa pili hatazami kabisa.

Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu nieleze maana ya kusema kitu kina hatari kubwa, kwa kadiri nilivyofahamu katika masomo ya Jiografia na Hesabu, na kwa yale niliyoyaona nyumbani kwa shangazi yangu. Ninyi ndugu zetu mliokwisha kutoka shuleni, ambao sasa mnatafuta viwanja vya kujenga, huenda maneno haya yakawafaa kuliko sisi tulio bado bwenini.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kina neno moja, hatari, kwa mambo mawili yasiyofanana. Nyoka akilala njiani twasema ni hatari, nasi twamwona kwa macho, yuko pale, hana shaka. Lakini twasema pia ya kuwa nyumba fulani iko hatarini, na hali jua linawaka, kuku wanaparua uani, wala hakuna lolote linaloonekana kuwa baya. Hatari ya namna ya pili haionekani kwa macho. Hupatikana kwa kukisia na kuhesabu, na ndiyo maana watu hubishana juu yake, ambapo juu ya nyoka hakuna abishaye.

Wanaoipima hatari ya namna hii huuliza mambo matatu. Huuliza, je, yaelekea jambo hilo litatokea? Tena, likitokea, litadhuru kiasi gani? Na tena, ni nani au ni kitu gani kiko mahali pale wakati huo? Ukikosa kuuliza moja katika hayo utapotea. Chukua mfano wa mchezo wetu wa mpira siku ya Jumamosi katika mwezi wa Aprili. Mvua yaelekea sana kunyesha, pengine ni hakika, lakini madhara yake ni nguo kulowa na kipa kuteleza, wala hakuna aliyefuta mchezo kwa sababu hiyo. Chukua mfano mwingine, mteremko mkali ndani ya msitu wa Nyungwe. Huenda ukaporomoka mwaka huu, na udongo wake ukaangusha miti mia, na hapana mtu atakayeuandika katika orodha ya mahali pa hatari kubwa, maana chini yake hakulali mtu. Peleka mteremko uleule Nyarugenge au Gasabo, uweke nyumba 30 juu yake, kila nyumba na watoto wake, na jina lake litabadilika ijapokuwa udongo haukubadilika hata chembe. Basi hatari kubwa si rangi ya kitu wala si tabia yake kama vile uzito au urefu. Ni kauli ya watu waliopima mambo matatu kwa pamoja wakaona ya kuwa jumla yake haivumiliki.

Sasa nije kwenye kilima. Watu wengi hufikiri ya kuwa udongo huporomoka kwa sababu ya wingi wa mvua tu, lakini jambo lina zaidi ya hilo. Udongo ulio juu ya mteremko wavutwa kwenda chini siku zote, mchana na usiku, wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Kinachouzuia ni kushikana kwa chembe zake zenyewe kwa zenyewe, na mizizi, na mwamba ulio chini. Maji yakiingia hufanya mabaya mawili kwa mara moja: huongeza uzito wa udongo, na hujaa katika nafasi zilizo kati ya chembe yakazisukuma ziachane, hata udongo usishikane tena. Kwa hiyo kilima chaweza kuvumilia mvua kubwa ya siku ya kwanza na kuanguka kwa mvua ndogo ya siku ya tano.

Mwanadamu naye huongeza yake. Akitaka kujenga mahali pa mteremko huchonga kilima apate uwanja sawa, na udongo alioutoa huumwaga upande wa chini. Basi nyuma ya nyumba pana ukuta wa udongo uliokatwa wima bila kitu cha kuutegemeza, na mbele pana udongo uliomwagwa usioshikana. Kisha huezeka mabati. Nataka msomaji afanye nami hesabu ndogo. Paa la mita 8 kwa mita 6 lina mita za mraba 48. Ikinyesha mvua ya milimita 40 kwa usiku mmoja, jambo ambalo si la ajabu katika Kigali, paa hilo lakusanya lita 1,920, yaani karibu mapipa 10 ya lita 200, au tani 2 kasoro kidogo. Zamani maji hayo yangaliangukia majani na kuenea. Sasa yote yamwagika katika mstari mmoja chini ya ukingo wa paa, tena mara nyingi upande wa nyuma, palepale kilima kilipokatwa. Zidisha kwa nyumba 30: ni karibu tani 58 za maji kwa usiku mmoja. Ongeza maji ya kufulia na choo cha shimo. Ukuta wa matofali mabichi ukikutana na tope la namna hiyo hauna la kufanya.

Mkali wa mteremko hupimwa kwa mia, si kwa digrii tu, na hapa wengi wetu darasani hukosea. Mteremko wa 30 kwa mia maana yake ni kwamba ukienda mita 1 mbele kwa usawa, ardhi imeshuka sentimita 30. Kwa digrii ni karibu 17, jambo linalowashangaza wengi, maana digrii 17 katika daftari zaonekana si kitu. Digrii 45 ni 100 kwa mia. Katika Kigali kipimo kinachotajwa sana kuwa mpaka wa kujenga ni hicho cha 30 kwa mia, na kwa vinamasi ni mita 20 kutoka ukingo wake. Kupima si kazi ngumu. Twaa ubao wa mita 1, weka ncha moja juu ya ardhi upande wa juu, ushike ubao sawasawa kwa pimamaji ya fundi mwashi (ukikosa, chupa yenye maji nusu iliyolazwa yatosha), kisha pima kutoka ncha ya pili mpaka ardhini. Sentimita ulizopata ndizo kwa mia yako. Tulijaribu wanafunzi wanne katika kilima kimoja kilicho karibu, tukapata 41 mahali pamoja, na hatua chache tu kando yake tukapata 22. Katika shamba moja la migomba mpaka wa hatari kubwa wapita katikati, wala migomba yenyewe haina habari.

Hapo twarudi kwa yule babu aliyezeekea kilimani. Sipendi watu wanaomcheka, maana ushuhuda wake ni wa kweli. Lakini hesabu yaonyesha ya kuwa ushuhuda huo hautoshi. Tuseme uko mteremko wenye nafasi 1 katika 50 ya kuporomoka kila mwaka. Nambari hii nimeitwaa kwa ajili ya hesabu tu, si ya kilima chochote. Kila mwaka, basi, kuna nafasi 49 katika 50 ya salama. Kuishi salama miaka 20 mfululizo ni 49 juu ya 50 ikizidishwa kwa nafsi yake mara 20, na jibu ni karibu 67 kwa mia. Maana yake, katika wazee 3 walioishi miaka 20 kwenye miteremko ya namna hiyo, 2 watakuambia kwa haki kabisa ya kuwa hawakuona kitu. Yule wa tatu huenda hayupo wa kuulizwa. Tena ukienda mpaka miaka 30, umri wa kawaida ambao mtu hutegemea nyumba yake idumu, nafasi ya kuona maporomoko yafika karibu 45 kwa mia, yaani yakaribia nusu kwa nusu.

Sasa mtazame mtu wa pili, yule aliyepewa kazi ya kuulinda mji mzima. Yeye hana mteremko mmoja, ana, tuseme, 100 ya namna ileile. Kwake yeye si habari ya labda. Kila mwaka, kwa wastani, 2 itaanguka, na asichojua ni ipi tu. Babu ahesabu kilima kimoja, mji wahesabu vilima mia, na wote wawili wahesabu sawasawa. Ugomvi mwingi juu ya amanegeka, nionavyo mimi, watoka hapo, wala hautoki katika ujinga wa mmoja wala ukatili wa mwingine.

Tena kilima cha babu si kilima cha leo. Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na ulipofanywa mji mkuu wakati wa uhuru mwaka 1962 ulikuwa mdogo sana, wa watu elfu chache tu. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilipata zaidi ya watu milioni 1.7 katika mji. Watu hao wote hawakupata nafasi juu ya vilele vilivyo sawa, maana vilele vilikwisha jaa. Basi wakashuka mitelemkoni, na wengine wakashuka zaidi mpaka vinamasini. Kila aliyejenga juu alimpelekea maji aliyejenga chini.

Shangazi yangu ni mmoja wa hao. Nyumba yake ilikuwa katika mteremko wa kilima kimoja cha Nyarugenge, vyumba vitatu na kimoja cha kupangisha. Siku moja walikuja watu wawili wenye kopo la rangi, wakachora alama nyekundu ukutani, wakaenda zao. Hawakukaa kueleza. Nilipofika Jumapili nilimkuta akiitazama.

Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi. Nyumba hii imesimama tangu hujazaliwa. Jana ilikuwa nyumba, leo imekuwa hatari kwa kopo la rangi?"

Nikamwambia, "Shangazi, rangi haikuleta hatari. Hatari ilikuwapo, wao wameiandika tu."

"Haya, nieleze basi iko wapi."

Nikampeleka nyuma ya nyumba, tukapima kwa ubao kama nilivyoeleza, tukapata 38. Nikamwonyesha jinsi kilima kilivyokatwa wima kupita kimo cha mtu, na mfereji mdogo uliochimbwa na maji ya paa chini ya ukuta. Na chumba kilichopakana na ukuta ule ndicho walicholala watoto wawili. Alinyamaza kitambo, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Unayosema ni kweli, lakini mwanangu, wewe wanihesabia hatari moja. Mimi nina mbili. Kilima huenda kikaanguka mwaka wowote. Nikihamia mbali na soko, njaa itaingia Jumatatu."

Neno hili la shangazi laonyesha jambo ambalo aghalabu husahauliwa na wenye kupima. Mtu maskini hajengi mahali pa hatari kwa sababu hajui kuogopa. Amelinganisha hatari na hatari, akachagua ile iliyo mbali. Chumba kimoja alichopangisha kilimlipia binti yake ada ya shule. Soko lilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu; mahali alipoweza kumudu kukodi nyumba nyingine palihitaji basi mara mbili kwa siku. Ukimwandikia mtu huyo "hatari kubwa" ukutani na usimwambie ataishi wapi na atakula nini, umeihamisha hatari yake tu kutoka mfuko wa kulia mpaka wa kushoto. Hata hivyo nilimwambia nionavyo, ya kuwa ingefaa ahame, kwa sababu hatari hizi mbili hazifanani katika jambo moja: njaa ya Jumatatu hutoa nafasi ya kuomba msaada Jumanne, na kilima hakitoi. Hiyo ndiyo sababu wenye kupima huliweka peke yake jambo lisiloweza kurudishwa, wakaliogopa hata kama nafasi yake ni ndogo.

Usiku uleule tulihamisha kitanda cha watoto kwenye chumba cha mbele. Juma lililofuata jamaa walikuja wakachimba mfereji wa kupitisha maji kando. Haya hayakuuondoa mteremko, lakini yalipunguza jambo la kwanza na la tatu katika yale matatu niliyoyataja, na kwa gharama ndogo mno. Shangazi alihama wakati wa kiangazi, akayachukua mabati na milango. Sasa hukodi vyumba viwili, na nauli ya basi yala faida ya biashara yake, nalo ni jambo ambalo hakuna aliyelipima.

Si kwetu tu. Uganda, katika wilaya ya Bududa kwenye mlima Elgon, tarehe 1 Machi 2010 udongo ulikifunika kijiji cha Nametsi, na mamia ya watu walikufa au kupotea. Serikali iliwahamisha wengi waliosalia mpaka Kiryandongo, mbali sana na mlima. Baadhi yao walirudi. Udongo wa Elgon ni wa volkeno, huzaa kahawa na ndizi kuliko nchi waliyopewa, tena makaburi ya wazee wao yako kule. Mwezi wa Oktoba 2018 maporomoko yalikuja Bududa mara nyingine na kuua makumi ya watu. Na Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka mlima Hanang yaliingia katika mji wa Katesh. Kwetu Rwanda mwaka uleule, usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei, mvua iliua zaidi ya watu 130, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi, katika Rutsiro, Karongi, Rubavu, Ngororero na Nyabihu. Wengi walikuwa wamelala.

Nataka nitie hapa mfano mmoja usiohusu udongo, maana wadhihirisha jambo ambalo kilima hakilidhihirishi. Tarehe 27 Septemba 2024 ilitangazwa ya kuwa homa ya Marburg imeingia nchini. Waliougua walikuwa 66, na 15 wakafa, wengi wao wakiwa wauguzi na waganga. Wakati huo kila mtu aliyemgusa mgonjwa alihesabiwa kuwa mtu wa hatari kubwa, akaangaliwa siku 21, kwa sababu kijidudu cha ugonjwa chaweza kukaa mwilini muda huo kabla ya kujionyesha. Watu wengi walioandikwa katika orodha hiyo hawakuugua kabisa. Je, orodha ilikuwa ya uongo? La. Haikusema ya kuwa fulani ni mgonjwa, wala ya kuwa amekosa. Ilisema ya kuwa kwake yafaa kuangalia. Tena jina lile lilikuwa na mwisho: siku ya 22 mtu aliyebaki mzima alitolewa orodhani, na tarehe 20 Desemba 2024 ugonjwa wote ulitangazwa kuwa umekwisha. Hapo ndipo kilima kinapotofautiana na homa. Alama ya ukutani haina siku ya 22. Kwa hiyo mwenye kuichora yampasa kueleza zaidi, si kidogo, kuliko daktari.

Watu huuliza pia, kwa nini 30 kwa mia, na si 29 au 31? Jibu la kweli ni kwamba ardhi haina mstari. Mteremko wa 29 hauna usalama unaougua ghafla ukifika 31, na mhandisi mwenye fedha za kutosha aweza kujenga salama mahali pakali zaidi, kwa ukuta wa mawe, misingi mirefu na mifereji ya saruji. Ndiyo maana mtu huweza kuona nyumba kubwa ya ghorofa mahali palipo karibu na palepale alipohamishwa maskini, akakasirika. Pengine ana haki ya kukasirika na pengine hana. Ataka kwanza apime ukuta wa nyuma. Mstari ni wa wanadamu, umewekwa kwa sababu afisa hawezi kubishana kila mlango, na mji wenye kanuni moja inayojulikana ni bora kuliko mji wenye kanuni mpya kila asubuhi. Lakini kanuni ya wanadamu yaweza kuulizwa maswali. Wakazi wa Kangondo na Kibiraro, mtaa uliojulikana sana kwa jina la Bannyahe, walibishana miaka kadha, hata mahakamani, juu ya kulipwa fedha au kupewa nyumba Busanza huko Kicukiro, mpaka mtaa ulipovunjwa mwaka 2022. Sitaki kuhukumu daawa ile. Naitaja kwa kuwa yaonyesha ya kuwa mtu akiambiwa aondoke, swali la pili huja palepale, nalo ni nani atalipa na kwa namna gani.

Juu ya vinamasi sina mengi. Bonde la maji ni kama sifongo, hunywa mvua na kuitoa polepole, na anayejenga ndani yake huipunguza sifongo na kuyapokea maji mlangoni mwake. Karakana za Gikondo zilihamishwa kwa sababu hiyo, na Nyandungu, ambapo palikuwa pameharibika, pamefunguliwa mwaka 2022 pawe bustani ya maji na miti. Wanafunzi wasiopata kuona wende wakaone.

Methali yasema tahadhari kabla ya hatari, lakini haisemi tahadhari kiasi gani, wala nani agharimu. Nimalizie, basi, kwa mambo yanayopimika bila ubao na bila hesabu, ambayo nilielezwa na mwalimu wetu na ambayo yafaa kila aliye mteremkoni ayajue. Kilima kinachotaka kwenda mara nyingi hutoa ishara. Ufa hutokea ardhini juu ya nyumba, wenye umbo la mwezi mwandamo, na kila siku huwa mpana kuliko jana. Yafaa kupigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, na kupima nafasi iliyo kati yao. Miti na nguzo za umeme huanza kuinama upande wa chini. Mlango uliokuwa ukifungika vizuri huanza kugoma, kwa sababu ukuta umevutwa. Maji hububujika mahali pasipokuwa na chemchemi, au chemchemi ya siku zote hukauka wakati wa mvua, au maji yake huwa na tope. Na katika kishindo cha mvua hutokea sauti nyingine, kama gari zito linalopanda, mahali pasipopita gari. Asikiaye hiyo asitafute taa wala viatu. Awashike watoto mkono, atoke kwa upande, si kwa kushuka, maana udongo hushuka njia ileile.